Mlango wa Mhadhiri

Mwaka 2008 nilipoanza chuo, nyumbani kwetu Wazo, Dar es Salaam, palikuwa na saa moja tu iliyoheshimiwa, saa ya zamu. Baba alifanya kazi kiwanda cha saruji pale kilimani, kile kilichoanza uzalishaji mwaka 1966. Tanuri la saruji halilali. Likishawashwa linazunguka usiku na mchana, na watu ndio wanaopokezana. Viatu vyake vikiwa barazani mchana, tulijua ametoka zamu ya usiku, tukaongea kwa kunong'ona.

Mimi ndiye wa kwanza katika ukoo wetu kufika chuo kikuu. Siku niliyochaguliwa mama alipika pilau, majirani wakaja mpaka wale tuliogombana nao. Kila mtu alinipongeza. Hakuna aliyeweza kuniambia nikishafika huko nifanye nini, maana hakuna aliyewahi kufika.

Sikupata chumba hosteli, kwa hiyo nilitoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri kuwahi daladala ya Mwenge. Barabara ya Bagamoyo ilikuwa bado haijapanuliwa. Ukikwama Africana, ukakwama tena Tangi Bovu, unafika Lugalo jua limeshakuwa kali. Naingia ukumbini, watu wameketi mpaka kwenye ngazi. Mhadhiri anazungumza Kiingereza bila kupumzika, haandiki kitu. Nilikuwa nimesoma kwa Kiingereza miaka sita ya sekondari, lakini kilikuwa Kiingereza cha ubaoni: mwalimu anaandika, mwanafunzi ananakili. Hapa nilijaribu kudaka kila neno, na usiku nilipofungua daftari nilikuta sentensi zisizo na mwisho.

Nikafanya walichofanya wenzangu. Nilinunua madesa, yaani notsi zilizorudufiwa, kwenye stesheneri, nikayakariri. Jaribio la kwanza la Taaluma za Maendeleo lilipokuja nikayamwaga yote, kurasa sita. Nilipata 4 kati ya 15. Pembeni, kwa wino mwekundu, mwalimu wa semina aliandika swali moja: haya ni maneno ya nani?

Sikulielewa. Nilidhani ananiita mwizi. Kwa wiki tatu nilipita mbele ya ofisi yake nikiwa nimeinamisha kichwa. Mlangoni palibandikwa karatasi yenye saa za kuonana na wanafunzi, nami niliisoma kama tangazo la watu wengine. Tangu shule ya msingi nilijua ofisi ya mwalimu ni mahali unapoitwa ukikosea. Kwenda mwenyewe, na maksi 4 mkononi, kulikuwa sawa na kujishtaki.

Aliyenitoa hapo alikuwa dada mmoja wa mwaka wa tatu, mtoto wa Tegeta. Usiku mmoja wa mvua za vuli magari yalikosekana, akanibeba, ndivyo tunavyosema wanafunzi wawili wanapolala kitanda kimoja cha hosteli. Aliona ile karatasi yangu ya jaribio ikichomoza kwenye begi. Hakucheka wala hakunipa pole. Aliomba mwongozo wa kozi, ule niliopewa wiki ya kwanza nikaukunja nikausahau, akanionyesha kwamba kila mada ina orodha ya vitabu chini yake. Asubuhi alinipeleka maktaba, kwenye kaunta ya vitabu vinavyoazimwa kwa saa chache tu, tukachukua cha Walter Rodney kuhusu jinsi Ulaya ilivyoidumaza Afrika. Rodney alifundisha chuoni kwetu Mlimani, na kitabu chake kilichapishwa mwaka 1972 na Tanzania Publishing House, hapa hapa Dar. Mimi nilikuwa nimelikariri jina lake kwenye desa bila kujua hayo.

"Sasa wewe unakubaliana naye?" aliniuliza kwa Kiswahili.

Nikaanza kwa woga, halafu nikakuta nabishana. Nilimweleza habari za kiwanda cha kwetu, jinsi kilivyotaifishwa baada ya Azimio la Arusha na kubinafsishwa miaka ya 1990, na yale ambayo baba na wenzake husema barazani kuhusu nyakati zote mbili. Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Hayo ndiyo maneno yako," akasema. "Ya Rodney sema ni ya Rodney. Yako yaandike."

Sijawahi kupata somo kubwa kuliko hilo. Tukaunda kikundi cha diskasheni, watu watano, na desturi yetu ikawa hiyo: kubishana kwanza kwa Kiswahili mpaka jambo lieleweke, ndipo tuandike kwa Kiingereza. Baba naye alitoa mchango wake. Aliponikuta nimesinzia juu ya daftari saa tisa usiku, alisema, "Mwanangu, tanuri haliendeshwi na mtu mmoja saa ishirini na nne. Gawa zamu." Akachukua chaki akanichorea mlangoni mwa stoo: zamu ya safari, zamu ya kusoma, zamu ya kulala. Ya kulala aliichora ndefu kuliko zote.

Nilimaliza chuo, nikaajiriwa, nikarudi kuishi Wazo. Kuanzia mwaka 2012, kila vyuo vinapokaribia kufunguliwa, vijana wa mtaani waliochaguliwa huja barazani kwetu. Tunasoma mwongozo wa kozi mstari kwa mstari. Tunapiga hesabu ya bumu, yaani posho ya mkopo wa chuo, ambayo mwaka ule ilikuwa shilingi 7,500 kwa siku lakini huingia kwa mkupuo, na mkupuo humdanganya mtu. Nawaambia ofisi ya mshauri wa wanafunzi ni ya nini, na kwamba haikujengwa kwa ajili ya wakorofi.

Kijana mmoja hakuja. Alidisko, yaani aliondolewa chuoni kwa kufeli, mwaka wa kwanza na hakumwambia mtu. Kwa miezi kadhaa aliaga kila asubuhi, akapanda daladala na begi la madaftari, akarudi jioni. Mama yake alikuwa akimwekea chakula. Mpaka leo nikipita nyumba yao moyo unaniuma, kwa sababu ni hatua chache kutoka kwetu, nami sikwenda kumwita. Tangu hapo siwasubiri waje. Nawafuata makwao.

Mwaka jana binti mmoja alinipigia simu mchana, anahema.

"Shikamoo dada. Niko mlangoni kwa mhadhiri. Nimepata 5."

"Marahaba. Karatasi unayo?"

"Ninayo. Swali langu nimeliandika nyuma yake. Lakini mlango umerudishiwa."

"Piga hodi."

Kimya. Nikasikia magari, nikasikia wanafunzi wakipita wakicheka. Halafu vidole juu ya ubao, mara tatu, na sauti ya mwanamume kutoka ndani ikisema karibu. Simu ikakatika.