Vidole Vinasemaje?

Kwetu Mbulu, mwezi wa Julai, umande wa alfajiri unakata miguu kama wembe. Utotoni tulikimbia peku kwenda shule, na baridi ilipotuzidi tulimwamsha ng'ombe aliyelala kando ya njia, tukasimama pale alipolala. Udongo ule ulikuwa na joto la mwili wake. Tulijipa dakika moja tu, kisha mbio zikaendelea. Kwa hiyo nilipofika Minneapolis, kaskazini mwa Marekani, nilijihesabu kuwa mtu anayeijua baridi. Maisha yangu yote nimekimbia peku, au kwa viatu vya soli nyembamba ambavyo kisigino chake hakikuinuliwa, na sikuona kwa nini theluji inibadilishe.

Aliyenipeleka kukimbia kwenye theluji mara ya kwanza ni mzee mmoja Mkisii, jirani yetu, aliyekwishaishi huko zaidi ya miaka 20. Kila Jumamosi alizunguka ziwa liitwalo Lake Harriet, jua liwake au theluji ianguke. Siku ile ya Januari simu yangu ilionyesha 15. Wamarekani wanapima joto kwa Farenhaiti, na 15 yao ni karibu nyuzi 9 za Selsiasi chini ya sifuri. Nilimwamkia mlangoni, "Shikamoo, mzee." Aliitikia huku akitazama viatu vyangu.

"Hivyo vinatosha," alisema. "Lakini soksi ngapi?"

Nilikuwa nimevaa jozi mbili. Aliniamuru nivue moja, nibaki na ya sufu peke yake. Soksi mbili zikibanwa ndani ya kiatu zinaminya mishipa, na damu isipofika kwenye vidole hakuna sufu itakayovipasha moto. Viatu vyangu vilikuwa vipana mbele, vidole vikicheza humo, na hilo ndilo alilolipenda. Kisha alinivika kofia ya kufuma, glavu, na suruali nzito juu ya ile ya mbio. Nilishangaa: tumekuja kwa habari ya miguu, mbona anahangaika na kichwa? Akanieleza kwamba mwili ukiona baridi unaibana mishipa ya mikono na miguu ili damu yenye joto ibaki kwenye moyo na mapafu. Ukitaka vidole vipate damu, kifua na mapaja yashibe joto kwanza.

Tulianza polepole. Theluji ya baridi kali ina sauti yake, inalia chini ya soli kama unga mkavu wa muhogo unapofinywa kiganjani. Hiyo haitelezi sana. Inayotisha ni ile iliyokanyagwa na watu wengi, ikayeyuka mchana na kuganda tena usiku, ikang'aa kama kioo. Hapo ndipo ukimbiaji wetu wa peku uliponifaa. Mwaka 2010 Daniel Lieberman wa Chuo Kikuu cha Harvard na wenzake, ambao baadhi ya wakimbiaji waliowapima walikuwa wa Bonde la Ufa nchini Kenya, walionyesha kwamba waliozoea kukimbia peku hutua zaidi kwa sehemu ya mbele ya wayo, na waliokulia kwenye viatu hutanguliza kisigino. Juu ya barafu, kisigino kilichorushwa mbele ndicho kinachoteleza. Nilichukua hatua fupi za harakaharaka, mguu ukitua chini ya kiuno, na soli nyembamba ikaniambia mapema pale palipokuwa pagumu. Kulia kwetu watu walikuwa wanatembea juu ya ziwa lenyewe, lililoganda. Nilisimama kuwatazama, mzee akanisukuma begani: kusimama ni kupoa.

Kila baada ya muda aliuliza, "Vidole vinasemaje?" Nami nikajibu, "Vinauma kidogo." "Vizuri," alisema, na tukaendelea.

Mzunguko ni kilomita nne na ushee. Tulipoukamilisha nilikuwa na jasho, nikamwomba ruhusa ya kuvua viatu. Hadithi za wakimbiaji peku zilinijaa kichwani. Lakini Mwethiopia Abebe Bikila alipokimbia peku marathoni ya Olimpiki ya Roma mwaka 1960, ilikuwa jioni ya Septemba. Alimaliza kilomita 42 kwa saa 2, dakika 15 na sekunde 16. Mwaka 2007 Mholanzi Wim Hof alikimbia peku nusu ya umbali huo juu ya barafu na theluji ya Finland, akatumia saa 2, dakika 16 na sekunde 34. Muda karibu ni uleule kwa nusu ya njia, tena na mtu aliyeuzoeza mwili wake baridi kwa miaka. Nilizijua tarakimu hizo, na bado nilivua.

Mzee aliniruhusu hatua mia moja, kwenye theluji safi tu. Hatua za kwanza zilikuwa moto mtupu. Kisha maumivu yakapungua, yakaisha. Niliona raha, nikadhani mwili umezoea, kama ulivyozoea kule Mbulu.

"Vidole vinasemaje?"

"Vimenyamaza, mzee."

"Basi vaa. Sasa hivi."

Sikuvaa. Gari lilikuwa karibu, nikakatiza eneo la maegesho lililomwagiwa chumvi. Chumvi inazuia maji yasigande hata baridi ikiwa chini ya sifuri, kwa hiyo uji ule wa theluji uliolowanisha nyayo zangu ulikuwa na baridi ya barafu na mshiko wa maji, ukipenya kila mkunjo wa ngozi. Sikuhisi chochote. Kwetu wayo ndio jicho la mkimbiaji, unamwonya juu ya mwiba kabla haujazama. Pale jicho lilikuwa limepofuka, nami nikaita hali hiyo nafuu.

Nyumbani vidole viwili vya mguu wa kushoto vilikuwa vyeupe kama nta ya mshumaa. Mzee hakunigombeza. Alijaza beseni maji ya uvuguvugu, akayapima kwa kiwiko chake, maana mguu wangu usingejua hata kama yangekuwa ya kuunguza. Alinikataza kabisa kusugua. Baada ya dakika kadhaa damu ilirudi, na maumivu yake sijawahi kuyapata mbioni, nikauma kitambaa. Vidole vikawa vyekundu. Ncha ya kile kidogo ilibaki na ganzi hadi siku ya nne.

Jumamosi iliyofuata nilivaa jozi moja ya soksi za sufu na viatu vyangu vya soli nyembamba, nikavifunga kwa kulegeza. Tulipofika kwenye kona ya kwanza ya ziwa sikumsubiri aulize.

"Vinauma, mzee."

"Basi twende."