Tuligeuka Karibu na Kilele

Sisi tuliokulia upande wa Moshi tuliiona theluji kila asubuhi mawingu yalipofunguka, lakini hatukuigusa. Ilikuwa huko juu Kibo, mali ya watalii na wapagazi wao, nasi tulikuwa na ndizi za kumenya na maji ya kuteka. Kwa hiyo, wapendwa akina mama, msituulize sana kwa nini mama wa miaka arobaini na ushee, mwenye watoto watatu na zamu za usiku, alivaa viatu vya theluji Jumamosi moja ya Januari akapanda mlima peke yake. Na mkisoma hapa kwamba "tulikuwa peke yetu", msishangae: ni mwandishi mmoja tu na Mungu wake.

Baba Neema hakufurahi. "Mama Neema, mlimani, peke yako, na baridi hii?" Alikuwa na haki ya kuuliza. Mara tatu tulikuwa tumekwenda na akina mama wa kanisani, na mara zote tatu tulizungumza njia nzima hadi tukarudi bila kuusikia mlima. Safari hii tulitaka kunyamaza. Basi tukapatana naye. Tuliandika kwenye karatasi jina la njia, mahali gari litakapoachwa, na saa ya kugeuka: saa 7 kamili mchana, popote tutakapokuwa. Tukisha kuteremka tutapiga simu, na ikifika saa 11 jioni bila simu, yeye aite msaada. Karatasi ikabandikwa kwenye mlango wa friji, kando ya ratiba ya kwaya. Jua la Januari huku huzama kama saa 10 na nusu jioni, kwa hiyo hakuna nafasi ya kuzubaa.

Huku ni New Hampshire, jimbo dogo la kaskazini mashariki mwa Marekani. Katika miji ya Concord na Manchester wamo ndugu wengi waliokuja kama wakimbizi kutoka Kongo na nchi jirani, na Kiswahili husikika ibadani na sokoni. Milima iitwayo White Mountains iko kaskazini, mwendo wa chini ya saa mbili kwa gari kutoka Concord. Mkubwa wao ni Mount Washington, wenye mita 1,917. Tarehe 12 Aprili 1934 watu wa kituo cha hali ya hewa kileleni walipima upepo wa kilomita 372 kwa saa, na hapakupimwa upepo uliozidi huo duniani mpaka 1996, kimbunga kilipopita kisiwa cha Barrow huko Australia.

Sisi hatukuwa na ujasiri wa kwenda huko. Tulichagua jirani yake mdogo, Mount Pierce, wenye mita 1,314. Mtu wa Kilimanjaro atacheka, maana lango la Marangu, pale wapandaji wanapojiandikisha kabla hata ya kuanza, liko juu kuliko kilele hicho kwa zaidi ya mita 500. Lakini hesabu ya urefu hudanganya. Kwetu ukifika urefu huo uko katikati ya migomba na kahawa. Huku miti huanza kuwa mifupi kama watoto, kisha huisha, kwa sababu ya baridi na upepo.

Viatu vya theluji ukiviona mara ya kwanza utafikiri umefungwa nyungo mbili miguuni. Kazi yake ni kutandaza uzito wako ili usizame hadi mapajani. Chini vina meno ya chuma ya kung'ata barafu, na nyuma kuna kipande cha waya ambacho unakiinua ili kikuegemeze kisigino kwenye mteremko mkali. Mwendo wake ni wa kupanua miguu kidogo, kama mwanamke wa mimba ya miezi tisa, nasi wenye uzoefu huo tulijifunza upesi. Nguo ni sufu na vitambaa vya kisasa, kamwe si pamba, maana pamba ikilowa jasho hukaa na maji na kuunyonya mwili joto lake. Khanga yetu tuliiacha garini kwa huzuni. Chupa ya maji huwekwa kichwa chini, kwa kuwa barafu huanza kujijenga juu, na mdomo wa chupa ukibaki chini hauzibi.

Begi lilikuwa zito kuliko ilivyohitajiwa na mtu mmoja. Ndani mlikuwa na sweta la ziada, kofia ya ziada, glavu nene za ziada, chupa ya chai ya tangawizi yenye sukari nyingi, na tochi ya kichwani. Vitu hivyo tulivibeba kwa ajili ya mtu mwingine, na sababu yake ni habari ya Pam Bales. Mwanamke huyu alikuwa mjumbe wa kikosi cha kujitolea cha uokoaji katika milima hii. Tarehe 17 Oktoba 2010 alipanda Mount Washington peke yake, akakuta katika theluji nyayo za raba, viatu visivyofaa kabisa mahali pale. Angeweza kugeuka, maana upepo ulikuwa umechafuka. Akazifuata. Akamkuta mwanamume amekaa, amevaa kaptula, hasemi. Alimvua nguo zilizolowa, akamvika za kwake za akiba, akamnywesha kinywaji cha moto, akampa jina la John kwa kuwa hakutaja lake, akamteremsha hatua kwa hatua huku akimwimbia. Walipofika chini, mtu yule aliwasha gari akaondoka. Siku chache baadaye kikosi kilipata barua yenye mchango. Mtu yule aliandika kwamba alikuwa amepanda mlimani ili afe, na kwamba sasa alikuwa akipata msaada. Mwaka 2022 habari hiyo ilitengenezewa filamu iitwayo Infinite Storm. Tulipoisikia, sisi tulio wauguzi tulijiuliza swali moja tu: begi letu lina nini?

Tulianza saa 2 na nusu asubuhi, nyuzi 15 chini ya sifuri. Njia inaitwa Crawford Path. Ilikatwa mwaka 1819 na Abel Crawford na mwanawe Ethan, na husemwa kuwa ndiyo njia kongwe ya wapanda milima inayotumika hadi leo Marekani. Wanaume hao ndio waliopewa sifa, lakini historia yao tunaijua kwa kalamu ya Lucy, mke wa Ethan, aliyekuwa na nyumba iliyojaa watoto na wageni, na bado akaandika kitabu kilichotoka mwaka 1846. Tulimkumbuka mara kadhaa tulipokuwa tukihema.

Ni kama kilomita 5 kwenda, na kupanda karibu mita 730. Msitu wote umefunikwa, kila tawi limebeba mzigo wake mweupe, na theluji humeza sauti hata unasikia moyo wako mwenyewe. Tuliomba, kisha maneno yakaisha, tukaendelea kutembea tu. Kwa muda wa saa tatu hakuna mtu aliyesema "Mama, iko wapi soksi yangu?" Tusiwadanganye, ilikuwa raha.

Karibu saa 6 na dakika 20 miti ikawa mifupi kuliko sisi, na upepo ukatupata. Tulifika penye kibao cha njia panda. Kilele kilibaki kama mita 150. Hapo ndipo walipokuja ndege wa kijivu, wanene, wasio na woga. Ndege hawa hawahami majira ya baridi. Hubandika akiba ya chakula mitini kwa mate yao yanayonata, na majike huatamia mayai theluji ikiwa bado ipo. Tulivua glavu, tukanyoosha kipande cha andazi. Mmoja akatua kidoleni, mwepesi kama barua. Akaja wa pili, na wa tatu. Kumbe glavu tuliyoiweka kwapani ilidondoka, upepo ukaichukua, ikapotelea upande wa pili wa mlima.

Tulipotaka kufunga zipu, vidole vilikataa. Viwili vilikuwa vyeupe kama nta, havina hisia. Dalili hizi tumewafundisha wengine mara nyingi: mtu aliyezidiwa na baridi hushindwa kazi ndogo za vidole, hujikwaa, hubabaika maneno, hunung'unika bila sababu. Tulijisikiliza, tukagundua tulikuwa tukinung'unika kwa sauti, tukimgombeza ndege. Hatukusugua, maana kusugua huumiza ngozi iliyoganda. Tuliingiza mkono kwapani chini ya nguo, tukangoja hadi maumivu yalipokuja, na maumivu yale tuliyashukuru. Kisha tukafungua begi kwa mkono mmoja na meno, tukatoa glavu za yule mtu mwingine, na sweta lake, na kofia yake, na chai yake.

Ilikuwa saa 6 na dakika 40. Ahadi ilituruhusu dakika 20 zaidi, na kilele kilionekana, kisha wingu likakifunika, kisha kikaonekana tena. Tulisimama pale tukishindana na nafsi. Nani angejua? Tukageuka.

Tulimpigia Baba Neema kutoka maegeshoni saa 9 na robo. Alikuwa ameanza kuitazama karatasi tangu saa 8.

Kesho yake baada ya ibada, mama mmoja wa Kikongo, mkubwa kwetu kwa umri, alitushika mkono.

"Mama, nasikia ulipanda mulima. Ulifika juu?"

"Hapana, mama. Zilibaki hatua chache."

"Sasa ulienda kufanya nini?"

Hatukuwa na jibu la haraka. Tulimwonyesha kidole cha shahada, kilichokuwa bado chekundu na chenye ganzi. Akakishika, akakipuliza kama anavyopuliziwa mtoto aliyeungua, akanyamaza kidogo. Kisha akauliza kama viatu vile vinaweza kuenea mguu wake.