Neno Lililonishinda Darasani

Nilikuwa mwalimu wa fimbo. Hapa Lusangi hilo halikumshangaza mtu, wazazi wenyewe walinisimamisha njiani: "Mwalimu, wangu usimwonee huruma." Maandalio yangu ya somo yalikuwa safi, shati limepigwa pasi, nawahi kabla ya kengele. Inspekta alinisifu mbele ya wenzangu.

Kwetu, mashariki mwa Kongo, mtoto huanza kusoma kwa Kiswahili, kisha Kifaransa kinamwingilia. Nilikuwa na darasa la tano. Septemba 2019, elimu ya msingi ilipofanywa bure, watoto walifurika, wengine wakakaa chini. Prime, ile pesa ambayo wazazi walitulipa walimu, ikakoma, na jina langu lilikuwa halijaingia kwenye orodha ya mishahara. Sijitetei, ingawa njaa nayo hushika fimbo.

Siku moja niliandika ubaoni: mfanyabiashara kanunua mchele, kauza, tafuteni « bénéfice ». Mtoto mmoja wa nyuma akanyoosha mkono.

"Mwalimu, bénéfice maana yake nini?"

Nikafungua mdomo. Kanuni niliijua, maana niliikariri kwa Kifaransa nikiwa mdogo kama yeye. Kulisema neno hilo kwa Kiswahili kukanishinda.

"Bénéfice ni bénéfice!"

Nikamwita mbele, viboko vitatu vya kiganja. Hakuna mwingine aliyeuliza.

Jumamosi nikamkuta sokoni na mama yake, wanauza mchele kwa kopo. Nikaomba wanipunguzie. Mtoto akainamisha kichwa, midomo ikicheza, kisha akamnong'oneza mama yake: "Kwa bei hiyo hatupati faida."

Faida! Neno ninalolitumia kila siku.

Nililipa bei yote. Mama akasema, "Chukua na nyongeza, Mwalimu," na mtoto akanimiminia kwa mkono uleule niliouchapa.

Jumatatu niliwaambia darasa zima: "Niliulizwa swali, sikujua kulijibu, nikampiga aliyeuliza. Bénéfice ni faida." Walicheka. Mmoja akasema, "Kumbe ni faida tu!" Kisha mikono ikaanza kunyooka, na mimi nikaanza kutoka jasho.

Niliowanyamazisha kabla ya mtoto huyo siwezi kuwahesabu. Wengine huwaona wakirudi kutoka machimbo ya dhahabu ya Salamabila. Wananiamkia kwa adabu, hawaniulizi kitu.

Fimbo niliipeleka nyumbani, ikaishia jikoni. Siku hizi swali lisilo na jibu naliandika nyuma ya daftari la mahudhurio, na ninayemdai jibu ni mimi mwenyewe. Mengine yamenipeleka kwa fundi wa baiskeli, mengine kwa shehe. Wiki hii limebaki moja, kaliuliza msichana anayekaa karibu na mlango: mto Luama unatoka kwenye milima iliyo jirani na Ziwa Tanganyika, mbona unaligeuzia ziwa mgongo na kwenda kumwaga maji kwenye mto Lualaba?