Theluji ya Vitabuni

Theluji nilikutana nayo kwanza kitabuni. Pale Masieda baridi tunaijua, ile ya Juni na Julai, asubuhi hutaki kutoka jikoni. Ila theluji? Nikamuuliza bibi kama Mlima Hanang unayo. Akacheka.

"Mjukuu wangu, Hanang ni wa mvua. Huo mweupe ni Kilimanjaro."

Kweli tupu. Kilimanjaro una mita 5,895, Hanang una 3,420. Na hata Rebmann aliposema ameona theluji Kilimanjaro mwaka 1848, walikuwepo wasomi Uingereza waliombishia.

Basi nikakua nasoma Disemba za watu wengine: njia zimefungwa, msafiri kapotea, dirishani kweupe. Nikaona mlima wetu mpole mno, hauna hadithi.

Tarehe 3 Disemba 2023, baada ya mvua kubwa, sehemu ya Hanang iliporomoka. Matope, mawe na magogo vikashuka hadi Katesh na vijiji vya jirani. Walikufa watu zaidi ya 80. Shangazi yangu alipopatikana kwenye simu alisema tu, "Tuko hai, mwanangu. Nyumba ndiyo hatuna."

Siku hizi nikifika kwenye ukurasa wenye theluji nasoma polepole. Nilikuwa naiona pambo. Kumbe kuna mtu aliyeiandika akikumbuka jirani ambaye hakurudi.

Disemba yetu, ile ya matope, bado naitafuta kitabuni. Labda nianze mimi, na shangazi anisimulie.