Nuru Hutangulia, Sauti Hufuata

Katika kijiji cha Ndolezi, wilayani Mbozi, ubavuni mwa kilima cha Marengi, kimelala kipande cha chuma kilichotoka mbinguni. Urefu wake ni karibu mita 3, kimo chake karibu mita 1. Juu ya uzito wake wakadiriaji hawajapatana: wengi husema tani 12, wengine hufika 16. Mpima ardhi W. H. Nott ndiye aliyekifikisha kwenye maandishi ya wanasayansi mwaka 1930, na tangu 1967 kinalindwa kwa sheria. Asilimia 90 hivi ya mwili wake ni chuma, na sehemu kubwa ya iliyobaki ni nikeli. Mwaka 2016, Songwe ilipotengwa na Mbeya, kimondo hiki kilihama mkoa bila ya kuondoka mahali pake.

Hayo yote huelezwa wageni, nao husikiliza kwa adabu. Lakini swali linalomkereketa mtu aliyesimama mbele ya chuma kile si la uzito wala la nikeli. Ni hili: siku kilipoanguka, kilisikikaje? Na hilo halina wa kulijibu. Hakuna shimo lililobaki, wala hakuna masimulizi ya wenyeji juu ya siku yenyewe. Ndiyo maana wataalamu huona kuwa kilianguka zamani mno, kabla ya kumbukumbu yoyote iliyopokewa. Chuma kipo, sauti imepotea. Hali ni hiyo hiyo kwa kile cha Hoba, nchini Namibia, chenye tani 60 hivi, ambacho ndicho kikubwa kuliko vyote vinavyojulikana duniani: nacho hakina shimo wala shahidi.

Mfano wa karibu ulipatikana Urusi, tarehe 15 Februari 2013, katika mji wa Chelyabinsk. Jiwe lenye upana wa mita 20 hivi liliingia angani asubuhi na kuwaka kuliko jua. Kamera zilizofungwa ndani ya magari ziliinasa nuru ile, na katika picha hizo kuna jambo la ajabu kuliko nuru yenyewe: kimya. Mng'ao unapita, vivuli vya nguzo vinazunguka barabarani kama mishale ya saa, na hakuna kinachosikika. Watu wakaenda madirishani kutazama moshi. Ndipo, baada ya zaidi ya dakika mbili, kishindo kikafika na kuvivunja vioo usoni mwao. Karibu watu 1,500 waliumia, wengi wao kwa vigae vya vioo. Nuru huja kwa kasi isiyo na mfano. Sauti hutembea kiasi cha mita 340 tu kwa sekunde. Anga, kwa hivyo, haijui kulinganisha picha na sauti. Huionesha picha kwanza, na maneno huyaleta mtazamaji akishadhani mchezo umekwisha.

Kulinganisha viwili hivyo ni kazi ya binadamu, tena kazi ngumu kuliko inavyodhaniwa. Wanaoijua zaidi ni wale wasioonekana kabisa, yaani waigizaji wa sauti katika filamu za katuni. Wengi huamini kuwa mchoraji huchora kwanza, kisha mtu hutafutwa aseme. Aghalabu ni kinyume chake: sauti hurekodiwa mwanzo, na mchoraji hukaa nayo akiisikiliza silabi kwa silabi, akiuchora mdomo uifuate. Bart Simpson, yule mtoto mtukutu wa kiume, tangu 1987 husemewa na mwanamke, Nancy Cartwright. Bugs Bunny, ambaye msikilizaji wa hadithi za pwani humtambua mara moja kuwa ni binamu wa Sungura wetu kwa ujanja na kwa ulimi, alikuwa kinywani mwa Mel Blanc. Naye alilazimika kutafuna karoti za kweli mbele ya kipaza sauti na kuzitema, kwa kuwa hakuna mboga nyengine iliyotoa mlio ule. Ama Simba wa mwaka 1994, aliyeazima jina lake kutoka Kiswahili, ngurumo nyingi katika filamu yake zilitoka katika koo la mwanadamu, Frank Welker. Simba wa porini hanguruma kwa kufuata hadithi.

Hilo lisitushangaze. Bibi aliyesimulia paukwa pakawa alikuwa Fisi kwa sauti nzito, Sungura kwa sauti ya puani na Simba kwa kuvuta pumzi, na wajukuu hawakuona mtu mmoja. Tanzania Bara ilimpata mrithi wake mjini, katika mabanda ya video: Derek Gaspar Mukandala, maarufu kwa jina la Lufufu. Yeye alichukua filamu za kigeni, za Nigeria zikiwemo, akaweka juu yake sauti yake peke yake, na sauti hiyo moja ikawa mume, mke, askari na jini. Hakujali midomo. Mhusika akinyamaza, Lufufu aliendelea, akieleza desturi za ugenini, akimkemea mwovu, akitabiri yatakayomfika. Mwanaanthropolojia wa Kijerumani Matthias Krings ameandika kwa kirefu juu ya kazi yake. Wapo waliomcheka kwa kutofuata asili. Lakini mtu anayetazama filamu isiyo ya lugha yake hahitaji midomo ilingane, anahitaji mwenzake wa kukaa naye gizani.

Midomo, hata hivyo, ina madai yake. Neno la Kiingereza la kumwamuru mtu asimame lina silabi moja, na midomo hufungwa mwishoni. "Simama" lina silabi tatu, na humwacha msemaji kinywa wazi. Takriban kila neno la Kiswahili huishia kwa irabu. Kila sentensi, kwa hivyo, huishia kinywa wazi, na katuni iliyochorwa kwa lugha nyengine itaonekana imefumba mdomo ilhali sauti bado inatoka. Mfasiri hutafuta njia: akate neno, abadili mpangilio, au amgeuze mhusika kisogo. Dawa iliyo bora ni kuichora katuni kwa Kiswahili tangu mwanzo, na hivyo ndivyo ilivyofanywa Dar es Salaam, ambako Ubongo Kids ilianza kurushwa mwaka 2014. Kijiji cha watoto wale kinaitwa Kokotoa. Jina hilo ni amri na ni mahali, na hakuna mfasiri atakayelipeleka kwengine likafika zima. Linganisha na Tinga Tinga Tales ya mwaka 2010: michoro iliyotokana na sanaa ya Edward Saidi Tingatinga, mtu wa kusini ya Tanzania, ikatiwa uhai Nairobi, na BBC ikairusha kwa Kiingereza. Ni kazi ya kupendeza. Ila wale wanyama wana sura ya nyumbani na sauti ya ugenini, na sikio halikosi kuling'amua hilo.

Basi mtoto wa Vwawa au Tunduma anayetaka kuijua mbingu atasemezwa kwa sauti ya nani? Msamiati upo, tena wa zamani. Zuhura, Mirihi, Mushtara na Zuhali ni majina ya mabaharia na wanajimu, yaliyokuja na pepo za Kaskazi. Kilimia ni la mkulima mwenyewe, limechimbwa katika kulima, kwa kuwa kuzama na kuzuka kwa fungu lile la nyota kulimpangia siku za kushika jembe. Nuru ya Kilimia husafiri miaka 440 hivi mpaka kutufikia. Inayoonekana leo iliondoka huko katika zama ambazo Wareno walikuwa karibu kuanza kuijenga Ngome ya Yesu Mombasa, mwaka 1593. Nyota nazo, tunaweza kusema, zimetiwa picha ya zamani juu ya usiku wa leo.

Neno "kimondo" lina kioja chake. Lugha za kisayansi za Ulaya zina maneno matatu: la jiwe likiwa bado linaelea katika anga za mbali, la mng'ao wake linapoungua hewani, na la kipande kinachobaki ardhini. Kiswahili hutumia moja. Kile kinachopita kufumba na kufumbua, na kile kilicholala Ndolezi hakitikisiki, vyote ni kimondo. Wapo wanaoona huu ni upungufu, na wanataka maneno mawili ya kuazima yaje kuziba pengo. Haja hiyo haionekani. Neno moja linasema jambo la kweli ambalo yale matatu hulificha: kwamba ni kitu kimoja, kilichobadilika mwendo tu. Darasani panapohitajika kupambanua, "kimondo kinachopita" na "kimondo kilichoanguka" vinatosha, na mtoto haachi lugha yake mlangoni.

Mwendo huo ndio mchezo wa sanaa ya tatu, ile ya kupiga picha moja moja kwa vipindi na kisha kuzionesha mfululizo. Hesabu yake ni nyepesi. Kamera ikipiga picha moja kila baada ya sekunde 10, kwa siku nzima itapiga 8,640. Zikioneshwa 24 kwa sekunde, siku hiyo itakwisha kwa dakika 6. Itegwe Tunduma, juu ya barabara iendayo Nakonde. Kituo cha pamoja cha mpakani kilizinduliwa mwaka 2019, lakini malori ya Zambia na Kongo bado ni mengi, na foleni haijasahau njia. Katika dakika 6 hizo wabadilisha fedha, bodaboda na wauza ndizi watakuwa kama sisimizi waliomwagiwa maji, na lori lililokwama litasimama wazi, kila msumari ukihesabika. Yeye aliyechelewa ndiye atakayeonekana. Hivyo ndivyo ilivyokuwa Paris mwaka 1838, Louis Daguerre alipoipiga picha barabara iliyojaa watu na magari ya farasi: bamba la picha lilihitaji dakika kadhaa, waliopita wote wakapotea, akabaki mtu aliyesimama kupigwa rangi viatu.

Usiku, kamera hiyo hiyo igeuzwe juu. Kwa kuwa Songwe iko nyuzi 9 tu kusini ya Ikweta, nyota za mashariki hupanda karibu wima, hazipandi kwa kupinda kama zifanyavyo Ulaya; nazo huzunguka ncha ya kusini iliyo chini kabisa, juu kidogo ya milima. Mwezi wa Disemba, msimu wa vimondo vya Mapacha, mawingu ya masika ya huko huharibu kazi. Wakati mzuri ni mwisho wa Julai, katika baridi ya kipupwe, mbingu ikiwa kavu, vimondo vinapoonekana kutoka upande wa kundi la Ndoo.

Hapo mitambo hukutana na kikwazo chake. Foleni ya siku nzima huharakishwa, nyota za usiku mzima huharakishwa, lakini kimondo huishi nusu sekunde tu, na kwa hivyo huingia katika picha moja pekee kati ya maelfu. Filamu ikioneshwa, picha hiyo hupita kwa sehemu moja ya ishirini na nne ya sekunde. Mtazamaji huona wekundu wa alfajiri ukipanda juu ya mikahawa ya Mbozi, na hakioni alichokuja kukitazama. Mpiga picha hana budi kuirudisha filamu nyuma, kuitafuta ile picha moja, na kuisimamisha.