Mbwa Wetu Aliyeitwa Polisi

Mwezi huu nimeomba nafasi niwaelezee habari ya mbwa wetu. Msicheke kwanza. Habari ni ya mbwa, lakini makosa mengi yalikuwa ya sisi wenye nyumba.

Sisi ni watu wa Beni. Mwaka 2022 tulivuka mpaka Mpondwe, tukapanga chumba kimoja pale Bwera. Pale hatukuwa wageni sana, maana Wakonzo wa Bwera na sisi Wanande tunasikilizana lugha, ni mto Lhubiriha tu umetutenganisha. Mama mwenye nyumba alitupa kitoto cha mbwa, chekundu, masikio makubwa. Mume wangu akamwita Polisi, akisema sasa na sisi tuna askari wetu.

Jina lile lilikuwa taabu ya kwanza. Mnajua mambo ya mpakani: watu wanapita njia za panya na magendo kichwani. Jioni moja nikatoka nje kumwita mbwa, "Polisi! Polisi!" Wanaume watatu waliokuwa wanapita na mafurushi wakatupa mizigo, wakakimbia. Mbwa kuona watu wanakimbia, naye akawafuata. Tulicheka mpaka machozi. Lakini mbwa alijifunza neno moja siku ile: mtu akikimbia, mfukuze.

Halafu ikaja tarehe 16 Juni 2023. Usiku ule ADF walishambulia shule ya sekondari ya Lhubiriha, pale pale Mpondwe, wakaua watu zaidi ya 40, wengi wao wanafunzi. Sisi tuliokuwa tumekimbia mambo kama yale tukaona yametufuata. Kuanzia hapo kila mtu mtaani alitaka mbwa mkali. Mimi mwenyewe jioni nilikuwa namwonyesha mbwa kivuli barabarani, namwambia "Shika!" Akibweka, nampa kipande cha ugali. Watoto nao wakageuza mchezo. Hofu yetu yote tulimwekea yule mnyama.

Mwezi wa tisa akamuuma mtoto wa jirani. Kijana wa miaka minane hivi, ametumwa dukani, anakimbia kama watoto wote. Mbwa akamshika mguu. Mama yake alikuja mlangoni kwetu na hakupiga kelele. Alisema tu, "Mama, nyinyi mlikimbia mapanga. Sasa mtoto wangu akimbie mbwa wenu?" Mpaka leo neno lile liko moyoni mwangu.

Jirani mmoja mzee ndiye alituokoa kwa akili. Mwingine alikuwa ameshaleta pilipili ya kupaka kwenye kidonda. Mzee akakataa. Tukaosha kidonda kwa maji mengi na sabuni dakika 15 nzima, tukampeleka mtoto hospitali siku ile ile, akaanza sindano za kichaa cha mbwa. Usafiri tulilipa sisi. Vijana walitaka kumpiga mbwa mpaka afe, na mzee akawazuia tena: mfungeni, mumwangalie siku 10. Mbwa aliyeuma akiwa na kichaa, katika siku hizo 10 ataugua na kufa. Akibaki mzima, basi siku ile alipouma hakuwa na ugonjwa wa kumpa mtu. Ukimuua haraka, unabaki na wasiwasi tu.

Ndugu zangu, zile siku 10 nilihesabu kama mtu anayehesabu siku za mimba. Mbwa wetu hakuwa amechanjwa hata mara moja. Kila asubuhi naenda kuangalia: amekunywa maji? Anakula? Anatembea sawa? Siku ya 11 alikuwa mzima. Nilikaa chini nikalia. Kisha tukaenda na wazee kuomba msamaha, tukabeba kuku. Mwenyekiti wa LC1 akatuambia wazi: mbwa achanjwe, afundishwe, akiuma tena hatakuwa na siku nyingine. Tukamchanja.

Kufundisha sasa, huko ndiko nilijifunza mimi.

Kwanza nilitumia fimbo. Alikuwa akinguruma mtu anapopita, nampiga. Baada ya siku chache akaacha kunguruma. Nikafurahi. Kumbe aliacha kutuonya tu, hasira iko pale pale! Nusura amshike muuza ndizi bila sauti yoyote. Kunguruma ni mbwa anasema "niko na hofu, usinikaribie." Ukimkataza kusema kwa fimbo, atauma kimya kimya.

Pili, tulibadilisha jina. Binti yangu alitaka tumwite Tulia. Nikasema hapana, jina lisifanane na amri, mbwa atachanganyikiwa. Tukamwita Simba.

Tatu, nyumba nzima tukapatana neno moja. Mwanzoni mimi nasema "kaa", binti anasema "keti", mjomba wao anasema "fanda" kwa Kilingala. Maskini mnyama, hata mkimbizi hasomi lugha tatu kwa siku moja! Tukachagua "kaa". Na "shika" ikapigwa marufuku nyumbani, hata kwa mchezo.

Nne, dagaa, wenyewe pale wanaita mukene. Nilikuwa na chache mfukoni. Akikaa, nampa palepale, kabla hajafanya kitu kingine. Ukichelewa, hajui unamlipa kwa lipi. Na adhabu ni vile vile: ukirudi jioni ukampiga kwa kosa la asubuhi, yeye anaona tu kwamba umerudi na ubaya.

Tano, kazi yenyewe. Mbwa yuko kwenye kamba, mimi nimeshika. Kijana wangu anapita mbali sana, anatembea polepole. Simba akimwangalia kisha akanigeukia mimi, anapata dagaa. Siku nyingine kijana anatembea haraka. Baadaye anakimbia, lakini bado mbali. Tukasogea kidogo kidogo. Akianza kuvuta kamba na kubweka, maana yake tumesogea haraka mno, tunarudi nyuma, hatumpigi. Robo saa asubuhi, robo saa jioni. Usimlazimishe mtoto mwenye hofu kusaidia kazi hii, na usimfungue mbwa kwa kujaribu tu.

Nilielewa pia kwa nini alikuwa anazidi kubweka. Mpita njia anapita na kwenda zake, lakini mbwa anafikiri, "Nimemfukuza mimi." Kila siku anashinda vita. Kwa hiyo tukamfunga nyuma ya nyumba, asione barabara mchana kutwa.

Ilichukua miezi, na siku mbaya zilikuwepo. Mwanzo wa 2024 mume wangu alipata kazi ya kupakia mizigo Kasese mjini, tukahama na Simba juu ya lori. Kasese kuna joto na boda boda nyingi, na mbwa akarudia ujinga wake wiki mbili nzima. Tukaanza tena mbali, na kamba, na dagaa.

Lakini kabla hatujaondoka Bwera niliona jambo moja. Yule kijana aliyeumwa alikuwa anapita njia ya mbali tangu siku ile. Asubuhi moja akapita barabara yetu. Akasimama upande wa pili, akaniangalia, akamwangalia mbwa, akasema kwa sauti ndogo, "Kaa." Simba akakaa. Kijana akaendelea, anatembea. Hakukimbia. Mama yake alikuwa amesimama nyuma, ananitazama. Akanisalimia, mara ya kwanza tangu mwezi wa tisa.

Sasa tuko hapa kambini, nyumba zetu zimekaribiana na watoto ni wengi wanakimbia usiku na mchana. Wengi wetu tunafuga mbwa kwa sababu tunaogopa usiku, na mimi siwalaumu. Simba bado anabweka usiku mgeni akija, na namshukuru. Lakini mchanjeni mbwa akifika miezi mitatu, na mrudie kila mwaka. Wafundisheni watoto wasikimbie mbele ya mbwa, wasimame kama mti, mikono chini, wasimtazame machoni. Akiuma mtu, ni maji na sabuni, kisha hospitali siku ile ile, hata kidonda kikiwa kidogo. Kichaa kikishaanza kwa mtu, hakuna dawa.

Na ukisikia mwanao anamwambia mbwa "shika!", mkataze kwa upole, kisha jiulize neno hilo alilisikia kwa nani. Kwangu, lilitoka kinywani mwangu.

Ni mimi mwenzenu, mama wa watoto watatu.