Sataranji kwa Mwenye Nusu Saa

Mshika mawili, moja humponyoka. Methali hii naisikia nyumbani kutoka kwa mama na shuleni kutoka kwa wenzangu, kila nitoapo ubao wa sataranji mkobani. Wanauliza: mwanafunzi wa kutwa, wa kidato cha tatu, anatoa wapi muda wa kusukuma kete? Swali ni la haki. Nitalijibu hapa, kwani najua si mimi peke yangu ninayeulizwa.

Kwanza tuhesabu saa. Natoka nyumbani kabla ya jua kuchomoza na kurudi saa kumi na mbili jioni. Kuna maji ya kuteka, vyombo vya kuosha na kazi ya ziada ya walimu. Ikibaki nusu saa, nashukuru. Wenzetu wa shule za bweni tunaokutana nao mashindanoni hucheza pamoja jioni, tena bila kupanda matatu. Tukitaka kushindana nao kwa wingi wa michezo, basi tumeshindwa kabla ya kuketi. Dawa yetu ni moja: kuchagua vizuri cha kujifunza.

Wengi wetu huanza na hila. Kila mwaka kidato cha kwanza huja na ile ya zamu 4, ambapo malkia na askofu humvamia mfalme kabla hajajua kumekucha. Hila hiyo ni tamu siku ya kwanza tu, bwana. Mpinzani akishaijua, malkia aliyetoka mapema hufukuzwa huku na huku, na kila anapokimbia, mwenzako anapata nafasi ya kutoa kete nyingine. Wengine hucheza kwa simu michezo ya dakika 3. Inafurahisha, lakini kidole kinatangulia akili, na mchezo ukiisha hukumbuki lolote.

José Raúl Capablanca wa Kuba, aliyekuwa bingwa wa dunia kuanzia 1921 hadi 1927, alishauri watu waanze kujifunza mwisho wa mchezo kabla ya mwanzo wake. Kwa mtu asiye na muda, ushauri huo ni dhahabu. Mianzo ni mingi kama mchanga wa pwani, lakini miisho ya lazima ni michache, na ukiijua haikutoki.

Chukua mfano huu. Kete zote zimeliwa, kila upande umebaki na mfalme, nawe una askari mmoja wa ziada. Wafalme wakitazamana ana kwa ana, mraba mmoja tu katikati yao, yule mwenye zamu ndiye anayelazimika kupisha, kwa kuwa wafalme hawaruhusiwi kukaribiana. Mara nyingi jambo hilo dogo ndilo linaloamua kama askari wako atafika safu ya 8 na kugeuka malkia, au mtatoka sare. Nililijifunza kwa jioni mbili, kete tatu tu mezani, sufuria ikichemka jikoni.

Kisha jifunze kumfunga mfalme aliye peke yake kwa kutumia mfalme wako na ngome moja. Ukicheza sawasawa, kazi hiyo haizidi zamu 16. Asiyejua huzunguka ubao mzima, na zikipita zamu 50 za kila upande bila kete kuliwa wala askari kusogea, mpinzani ana haki ya kudai sare. Ushindi unayeyuka hivi hivi, ukiuona.

Jambo la mwisho ni kuandika. Ubao una miraba 64, safu wima zina herufi a hadi h, na za kulala zina nambari 1 hadi 8. Kwa hivyo kila zamu inaandikika daftarini. Mimi hucheza mchezo mmoja mrefu siku ya Ijumaa chamani, halafu Jumamosi naurudia polepole na kujiuliza: ni zamu gani iliyogeuza mambo? Ni kete gani ilikaa pembeni mchezo mzima bila kazi? Mchezo mmoja uliochunguzwa unafundisha kuliko kumi iliyosahaulika. Haba na haba hujaza kibaba.

Hata hivyo mama ana sharti lake: alama za hisabati zikishuka, ubao unafungiwa kabatini. Sidai kwamba sataranji hupandisha alama. Najua tu kwamba imenizoeza kuketi kimya mbele ya swali gumu, bila kukimbilia jibu la kwanza. Hadi naandika haya, ubao ungali mkobani, na kila muhula lazima niutetee upya.

Kwa wanaodhani mchezo huu ni wa watoto wa matajiri, nawakumbusha Phiona Mutesi wa Katwe, mtaa wa mabanda jijini Kampala. Alikuwa akiuza mahindi kuwasaidia wa kwao. Alifunzwa sataranji na Robert Katende, na mnamo 2010 aliiwakilisha Uganda katika Olimpiadi ya sataranji kule Khanty-Mansiysk, Urusi. Maisha yake yalitengenezewa filamu mwaka 2016. Naye pia hakuanza na saa za kumwaga.

Wenzangu wa kutwa, tusisubiri likizo wala kumaliza shule. Njooni chamani Ijumaa baada ya masomo, hata kwa mchezo mmoja. Kete zipo, ubao upo, na daftari kila mtu analo. Leteni nusu saa zenu, tuone bwenini watasemaje muhula ujao.